Umehudumiwa vibaya: useme palepale, uandike, utangaze mtandaoni, ushtaki au uhame?

Umelipia kitu, hukukipata kama ulivyoahidiwa. Au umekipata, lakini aliyekuhudumia alikujibu kwa dharau mpaka ukajuta kuuliza. Unatoka na risiti mkononi na hasira kifuani, na ushauri unamiminika: mmoja anakwambia kamwite meneja, mwingine anakwambia waanike mtandaoni, wa tatu anasema achana nao, maduka yako mengi. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja ana lengo lake. Anayetaka pesa zake zirudi, anayetaka aombwe radhi, anayetaka wengine wasiumie na anayetaka tu kuepuka karaha, hawa hawawezi kupita mlango mmoja.

Ninachokiona ni kwamba wengi wetu tunachagua njia kwa kipimo cha hasira. Hasira ikiwa ndogo tunanyamaza, ikiwa kubwa tunakimbilia mtandaoni, na njia zilizo katikati, ambazo ndizo hulipa zaidi, hazijaribiwi kabisa. Kipimo chenye faida ni kile unachotaka upate. Kwa hiyo kabla ya kusoma ulinganisho huu, kamilisha sentensi moja: "Nitaridhika kama..." Ukishindwa kuikamilisha, ngoja hadi kesho yake.

Wapo pia wanaoona haya kulalamika, wakidhani ni utovu wa adabu. Si kweli, na jambo lenyewe ni la kale. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, kuna kibao cha udongo kutoka mji wa kale wa Uru, katika Iraki ya leo, chenye umri wa takriban miaka 3,750. Mteja aitwaye Nanni anamwandikia mfanyabiashara Ea-nasir kwamba shaba aliyopewa haikuwa ya kiwango kilichoahidiwa, na kwamba mjumbe wake alijibiwa kwa kiburi. Ubovu wa mali na ubovu wa kauli viko kwenye barua moja, na mteja wa leo anaviandika vivyo hivyo. Katika zama zetu, Rais John F. Kennedy wa Marekani alitaja haki nne za mlaji katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi hiyo tarehe 15 Machi 1962, na mojawapo ilikuwa haki ya kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985 na kuihuisha mwaka 2015. Ndani yake serikali zinahimizwa ziweke njia za haki, nafuu na za haraka za kutatua malalamiko. Kwa hiyo unaposema "hapana, hili halikuwa sawa", unatumia haki inayotambulika duniani kote.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote tano nimezipima kwa maswali yaleyale. Kwanza, utapata nini: pesa, kubadilishiwa, radhi, au mabadiliko yatakayowafaa na wengine? Pili, itakugharimu muda na usumbufu kiasi gani? Tatu, inadai ushahidi gani, maana zipo njia zinazotosheka na neno lako na zipo zinazotaka karatasi. Nne, malalamiko yako yanamgusa nani? Swali hili husahaulika na mimi nalipa uzito mkubwa. Kijana wa kaunta hakupanga bei, hakuamua zamu iwe na watu wawili badala ya watano, wala hakutunga masharti ya kurudisha bidhaa. Aliyeamua hayo hayupo dirishani. Mwisho, njia inamfaa nani?

1. Kusema palepale

Utakachopata. Kosa dogo lililo wazi hutatuliwa hapa kuliko kwingine kokote: chenji pungufu, oda iliyochanganywa, saizi isiyo yako, kifaa kisichowaka. Mhudumu anakubadilishia, au msimamizi wa zamu anarudisha pesa, mambo yameisha. Tena radhi ya ana kwa ana ina uzito ambao barua haina. Usichopaswa kukitarajia ni mabadiliko ya utaratibu. Aliye kaunta hana mamlaka hayo, na ulichosema huenda kisiandikwe popote.

Muda na usumbufu. Ni dakika chache, ilimradi umeanza vizuri, na kuanza vizuri ndiyo kazi yenyewe. Tuseme umesimama kwa fundi simu na kioo alichokubadilishia hakiitiki ukikigusa upande mmoja. Ukifungua na "Nyie matapeli!", umemlazimisha ajitetee mbele ya wateja wengine, na mtu anayejitetea hasikii tena habari za kioo. Lakini ukisema, "Kaka, habari za kazi. Simu hii niliichukua hapa jana. Kioo kinaonyesha vizuri, ila upande huu wa kulia hakiitiki, jaribu mwenyewe uone. Risiti ni hii. Naomba unitazamie kabla sijaondoka", hapo umempa tatizo, umempa uthibitisho, na umempa ombi. Ombi ndilo linaloachwa mara nyingi. Mtu anasimulia kero kwa kirefu, mhudumu anabaki hajui kama anatakiwa arudishe pesa, arekebishe au aseme pole tu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na utamu unaotakiwa hapa hauhitaji kubembeleza wala kujishusha. Salamu, sauti ya kawaida na ombi linaloeleweka vinatosha.

Kama kuna foleni nyuma yako, omba msogee pembeni. Waliosubiri watakushukuru, lakini faida kubwa ni yako: msimamizi akiwa pembeni ana nafasi ya kukubali kosa, ilhali mbele ya foleni anahofia kila mtu atadai alichodai wa kwanza.

Ushahidi. Risiti na bidhaa yenyewe. Kwa kauli mbaya hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ni neno lako dhidi ya lake. Taja maneno yaliyosemwa, usitoe hukumu juu ya tabia ya mtu. "Nilipouliza bei aliniambia kama sina pesa niondoke" ni taarifa inayoweza kufuatiliwa. "Mhudumu wenu hana adabu" haimfikishi msimamizi popote. Kumrekodi mtu kwa simu kwa siri ni jambo la kutafakari mara mbili, maana linachochea ugomvi na baadhi ya nchi zinalikataza kisheria.

Anayeguswa. Anayeguswa kwanza ni mhudumu, awe na kosa au asiwe nalo. Kama kosa si lake, mwambie hivyo waziwazi: "Najua si wewe uliyepanga utaratibu huu. Nani anaweza kunisaidia?" Kwa sentensi hiyo moja, aliyekuwa anajiandaa kwa vita anaanza kukutafutia ufumbuzi. Kama kosa ni lake na amekudharau kweli, usishindane naye kwa kauli. Mwombe akuitie msimamizi.

Inamfaa nani. Mtu ambaye bado yuko eneo la tukio, mwenye kosa dogo linaloonekana kwa macho, na hasa kwenye biashara ndogo ambayo mwenye mali yupo. Haimfai aliyepandwa na hasira kiasi cha kutetemeka. Wala haimfai aliyetishwa, aliyebughudhiwa au aliyebaguliwa, kwa sababu huyo hana wajibu wa kubaki pale kumfundisha mtu adabu.

2. Kuandika kwa uongozi

Utakachopata. Hapa kuna uwezekano wa kurudishiwa pesa nyingi zaidi ya anazoweza kuidhinisha mtu wa kaunta, kulipwa fidia ya usumbufu, au kupewa maelezo yenye saini. Na kati ya njia zote hii ndiyo yenye nafasi nzuri ya kubadilisha utaratibu. Kampuni kubwa huwa na kitengo cha malalamiko na huyahesabu kwa aina. Kuna hata kiwango cha kimataifa cha kuyashughulikia, ISO 10002. Barua kumi kuhusu kosa lilelile zinaonekana kwenye ripoti ya mwezi. Maneno kumi ya hasira kaunta hayaonekani.

Muda na usumbufu. Siku kadhaa hadi wiki kadhaa, na pengine ukumbushe mara mbili. Kuandika kwenyewe kunachukua nusu saa ukiwa na mambo yako tayari.

Barua inayofanya kazi ni fupi: tarehe, namba ya oda au risiti, kilichoahidiwa, kilichotokea, unachoomba, na siku ya mwisho ya kusubiri jibu. Kwa mfano: "Tarehe 4 nililipia matengenezo ya friji, risiti ya tarehe hiyo nimeambatisha. Fundi aliahidi itagandisha ndani ya siku moja. Hadi leo, siku ya tano, haigandishi. Naomba fundi aje tena bila malipo au nirudishiwe fedha yote, na ningeomba jibu kabla ya tarehe 18." Ukiwa na mambo mawili, la bidhaa na la kauli, yatenganishe kwa aya. Yakichanganywa, kampuni itajibu lile jepesi, ikupe pole kwa kauli na kunyamazia friji. Nakala ibaki kwako, na ukipiga simu omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na jina la uliyezungumza naye.

Ushahidi. Hapa ndipo utakapouona ukweli wa ile methali, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya bidhaa siku ilipofika, picha ya skrini ya tangazo kabla halijabadilishwa, ujumbe wa muamala, mazungumzo ya soga ambayo huenda yakafutika. Vihifadhi siku ileile. Uthibitisho wa malipo ya simu au benki unaweza kusaidia pale risiti ya karatasi ilipopotea.

Anayeguswa. Mwenye uwezo wa kuamua, na hilo ni haki. Lakini kumbuka kwamba ukitaja jina la mhudumu kwenye barua, huenda ukagusa ajira yake. Kama alikudhulumu au kukutukana, litaje. Kama alikuwa amechoka tu na kosa lenyewe ni la utaratibu, eleza siku, saa na tawi, inatosha. Na kama kuna mfanyakazi aliyekusaidia katikati ya vurugu hiyo, mtaje kwa jina. Sifa iliyoandikwa huwa nadra kuwafikia watu wa kaunta.

Inamfaa nani. Mwenye dai la fedha zinazouma, anayeshughulika na kampuni yenye matawi, na anayependa mambo yaende kwa utulivu. Inamfaa pia asiyependa mabishano ya ana kwa ana, kwa sababu kwenye maandishi mpole na mkali wana sauti sawa. Haisaidii sana kwa kibanda cha mtu mmoja kisicho na anwani wala barua pepe.

3. Kuweka maoni hadharani mtandaoni

Utakachopata. Tahadhari kwa wateja wengine, na wakati mwingine jibu la haraka kutoka kampuni iliyokupuuza faraghani. Kurudishiwa pesa hutokea, lakini si jambo la kulitegemea. Nguvu ya njia hii inategemea sana ukubwa wa unayemlalamikia. Mtafiti Michael Luca wa Shule ya Biashara ya Harvard alilinganisha mapato ya migahawa ya Seattle na nyota zao kwenye Yelp, mtandao ambao wateja huandika maoni na kuzipa biashara nyota, akakuta nyota moja zaidi inaleta ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Athari hiyo ilikuwa kwa migahawa ya kujitegemea. Yenye matawi mengi na jina kubwa haikutikisika. Fikiria maana yake: maoni yako ya nyota moja yanamuumiza mwenye duka moja kuliko yanavyoligusa shirika kubwa, ingawa shirika kubwa ndilo linalotukasirisha mara nyingi zaidi.

Muda na usumbufu. Kuandika ni dakika tano. Yanayofuata yanaweza kuwa marefu: majibu, mabishano na watu usiowajua, ombi la kuyafuta, hata vitisho vya kushtakiwa.

Hii ndiyo njia ninayoona inatumika vibaya kuliko zote, na pia ndiyo inayodharauliwa isivyo haki. Maoni ya ukweli ni msaada mkubwa kwa mgeni asiye na wa kumuuliza. Shida iko kwenye namna yanavyoandikwa. Tazama haya: "Wezi wakubwa, msiende!!!" Msomaji hajui kilichoibiwa, lini, wala kama wewe ni mteja au mshindani wa biashara. Sasa tazama haya: "Nilipeleka koti kufuliwa Jumatatu, nikaahidiwa Alhamisi. Nililipata Jumanne iliyofuata, kifungo kimoja hakipo. Niliposema waliomba radhi na kushona kingine bila malipo. Usafi wenyewe ulikuwa mzuri. Kama una haraka, weka siku za ziada." Msomaji mwenye haraka ataenda kwingine, asiye na haraka ataenda palepale, na mwenye duka amejua pa kurekebisha. Hakuna aliyedhulumiwa.

Ushahidi. Kitaalamu hauombwi ushahidi, na ndiyo maana hatari ipo. Katika nchi nyingi kashfa inaweza kukufikisha mahakamani, kwa hiyo andika unachoweza kukithibitisha na utenganishe tukio na maoni yako. Kwa upande wa pili, kampuni nazo hazina ruhusa ya kukufunga mdomo kila mahali: Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016 inayobatilisha vipengele vya mikataba ya kawaida vinavyomzuia mteja kutoa maoni ya ukweli.

Anayeguswa. Mwenye biashara, wafanyakazi wote hata wasiokuwepo siku hiyo, na wewe mwenyewe, kwa sababu jina lako limebaki pale. Usiweke picha ya sura ya mhudumu wala jina lake kamili. Biashara inaweza kubadili utaratibu wiki ijayo, lakini picha ya binti wa kaunta iliyosambazwa haikusanyiki tena. Na kampuni ikirekebisha kosa, rudi uongeze mstari unaosema hivyo. Ni wajibu, kwa kuwa ulijitolea kuwa shahidi mbele ya watu.

Inamfaa nani. Aliyekwishajaribu kusema au kuandika akapuuzwa, na mwenye taarifa itakayowafaa wengine hata kama yeye hatapata kitu. Haimfai anayetaka pesa zake kabla ya yote, wala anayebaki kumtegemea mtoa huduma huyohuyo, kama mwenye nyumba, shule ya mtoto au fundi pekee wa eneo lake.

4. Kwenda kwa mamlaka, benki au mahakama

Utakachopata. Uamuzi wenye meno. Milango iko mitatu, na watu huichanganya. Wa kwanza ni mdhibiti au msuluhishi wa sekta: nchi nyingi zina chombo cha mawasiliano, cha fedha na bima, cha nishati na maji, au tume ya ushindani na walaji. Wazo la afisa huru anayepokea malalamiko ya raia ni la zamani; Sweden ilianzisha ofisi hiyo mwaka 1809, ikilenga watendaji wa serikali. Wa pili ni benki yako, kama ulilipa kwa kadi: unaweza kupinga muamala wa bidhaa ambayo haikufika au haikuwa ile iliyotangazwa. Wa tatu ni mahakama ya madai madogo pale ilipo, ambako taratibu zimerahisishwa ili mtu aweze kujitetea bila wakili.

Muda na usumbufu. Mwingi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mara nyingi chombo cha kisekta hakikupokei mpaka uonyeshe kwamba ulimlalamikia kwanza mtoa huduma mwenyewe. Uingereza, kwa mfano, kampuni ya fedha hupewa kwa kawaida hadi wiki 8 kutoa jibu la mwisho kabla mteja hajaenda kwa msuluhishi. Kwa hiyo ile barua ya njia ya pili ndiyo tiketi ya kuingilia njia hii. Benki nazo zina ukomo: sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kadi za mkopo inamtaka mteja aandike upinzani ndani ya siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti yenye kosa. Ulize ukomo wa kwenu mapema. Kesi nyingi nzuri hufia kwenye tarehe.

Ushahidi. Wote ulio nao, ukiwa umepangwa kwa tarehe. Ukurasa mmoja wa mtiririko wa matukio, kisha viambatisho vyenye namba. Anayesoma faili yako hakujui na ana mafaili mengine mezani.

Anayeguswa. Kampuni yenyewe, si mtu wa dirishani. Kwa maana hiyo njia hii, ingawa inaonekana kali, inaweza kuwa ya haki kuliko kelele za kaunta.

Inamfaa nani. Mwenye hasara kubwa, aliyekatwa pesa kinyume cha mkataba, aliyeuziwa kitu cha hatari. Kwenye usalama sina mjadala: kifaa kilichowaka moto au dawa iliyokwisha muda iripotiwe kwa mamlaka hata kama duka limekurudishia pesa, kwa sababu kingine kama hicho kiko nyumbani kwa mtu mwingine. Kwa kauli mbaya ya kawaida njia hii ni nzito mno. Lakini kama dharau hiyo ni ubaguzi wa rangi, dini, jinsia au ulemavu, imevuka mpaka wa adabu na kuingia kwenye haki, na vyombo vya kuishughulikia vipo.

5. Kuhama kimya

Utakachopata. Amani, na huduma bora kwingine kama ipo. Pesa hupati, radhi hupati. Mwenye biashara naye hajui kwa nini umepotea, na hiyo ndiyo kasoro kubwa: kosa linabaki kumngoja mteja anayefuata.

Muda na usumbufu. Hamna, isipokuwa pale unapobanwa na mkataba, ada ya kuvunja au namba ya simu inayojulikana na watu wako wote. Soma kipengele cha kusitisha kabla ya kuhama.

Ushahidi. Hauhitajiki, ila hifadhi uthibitisho kwamba umefunga akaunti na hudaiwi.

Anayeguswa. Mwenye biashara kupitia mfuko, bila mhudumu yeyote kuaibishwa. Kwenye biashara ndogo mteja mmoja wa kila wiki huonekana anapokosekana. Kwenye shirika kubwa hakuna atakayekumbuka jina lako.

Inamfaa nani. Mwenye njia mbadala karibu, mwenye kosa dogo ambalo halirudishi chochote, na yule ambaye siku hiyo hana nguvu za kuhojiana. Kunyamaza kwa namna hiyo si uoga. Njia hii haiwezekani pale penye mtoa huduma mmoja tu, kama maji au umeme kwenye maeneo mengi. Hapo kuhama hakupo na sauti ndiyo silaha pekee.

Chaguo kwa hali yako

Kosa ni dogo, linaonekana, na bado uko dukani: sema palepale, na uanze na ombi. Ukikataliwa bila sababu, uliza masharti yao ya kurudisha bidhaa yameandikwa wapi; swali hilo peke yake hufungua mazungumzo mengi yaliyokuwa yamekwama.

Umenunua mtandaoni na hujaridhika: kabla ya kulalamika, angalia kama una haki ya kurudisha bila kutoa sababu. Katika Umoja wa Ulaya ni siku 14 kwa manunuzi mengi ya mbali. Kwingineko mara nyingi masharti ya muuzaji ndiyo hutawala, na pengine hutahitaji kubishana kabisa. Mzigo usipofika na muuzaji akawa hajibu, andika mara moja, weka tarehe, ikipita nenda benki.

Bidhaa ni nzuri lakini kauli ilikuwa mbaya: jiulize kama ni tabia au ni siku moja mbaya ya mtu. Kwa mara ya kwanza, neno la faragha kwa msimamizi linatosha. Ikijirudia, andika ukitaja siku na maneno. Kwenye biashara ya mtu mmoja, ambako aliyekukosea ndiye mwenyewe, mwambie unachohisi mara moja kwa upole, kisha amua kama unabaki.

Kampuni kubwa inakuzungusha, kila simu mtu mpya: acha kupiga. Andika, dai namba ya kumbukumbu, na utaje kwamba ikishindikana utapeleka kwa mdhibiti. Lisiwe tishio tupu. Tafuta jina la mdhibiti huyo kabla ya kulitaja.

Umeandika, umengoja, umepuuzwa, na kiasi si kikubwa cha kukupeleka mahakamani: hapo maoni hadharani yana mahali pake. Eleza ulivyojaribu kuwafikia na tarehe ulizowaandikia, wasomaji waone kwamba hukuanza na kelele.

Wewe ndiye mteja wa siku zote wa fundi, kinyozi au mwenye duka la karibu, na uhusiano wenu una thamani kuliko pesa yenyewe: zungumza naye akiwa peke yake, baada ya wateja kupungua. Usimwandikie kwenye mtandao jambo ambalo hujamwambia usoni.

Na kama unamlalamikia mtu unayemtegemea mwezi ujao pia, mwenye nyumba kwa mfano, andika kila ombi la matengenezo hata kama mmekwishazungumza kwa mdomo. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: "Shikamoo mama, nakukumbusha tuliyoongea asubuhi kuhusu bomba la jikoni, uliniambia fundi atakuja Ijumaa." Heshima imebaki, na tarehe imeandikwa.